Alama Nilizowapa Waimbaji Kabla ya Kuwajua

Daftari ninalolitumia kuandika uhakiki huu ni la shule, la kurasa 96, lenye jalada lililoliwa na unyevu pembeni, na lilinunuliwa Birere, mtaa wa hapa Goma, kwa ajili ya mahudhurio ya wanakwaya. Kwaya ilipata daftari jingine, hili likawa la televisheni. Tangu mwaka 2010, katika kila msimu wa mashindano ya kuimba nilioweza kuufuatilia, nimeandika jina la mshiriki, maneno machache kuhusu sauti yake mara ya kwanza nilipoisikia, na alama juu ya 20 kama tunavyowapa wanafunzi wetu. Niliandika kwa wino makusudi, ili nisije nikafuta aibu yangu baadaye.

Ninachokihakiki si mshiriki mmoja wala msimu mmoja, bali bidhaa yenyewe, yaani shindano la kuimba la televisheni jinsi linavyotufikia sisi tunaoishi Goma, kwa dekoda, kwa abonema inayolipwa mwezi kwa mwezi, na kwa umeme unaokuja na kuondoka kwa ratiba yake. Sehemu kubwa ya daftari ni ya The Voice ya Ufaransa, iliyoanza kuonyeshwa na kituo cha televisheni cha TF1 mwaka 2012, na ya toleo la Afrika inayozungumza Kifaransa, lililoanza mwaka 2016. Mengine nimeyaona vipande vipande, kwenye simu au kwa jirani. Bidhaa hii haiuzi nyimbo, kwa kuwa nyimbo zinapatikana kila mahali. Inauza dakika ile ya kwanza ambapo mtu tusiyemjua anafungua kinywa, nasi tunaalikwa kutoa hukumu papo hapo. Kwa hiyo nimeona njia ya haki ya kuipima ni kuzirudia hukumu hizo baada ya miaka, na kuona kama dakika ile ilinipa kitu cha kweli au ilinichezea tu.

Ukurasa wa kwanza unaniaibisha kuliko yote, kwa sababu unamhusu mtoto wa nyumbani. Mwaka 2010, katika shindano la kuimba la hapa Congo, Vodacom Superstar, alitokea Innocent Balume, mzaliwa wa Goma mwenye umri wa miaka 13, aliyekuwa akiimba na kaka zake katika kundi la Maisha Soul. Wakati huo sikuwa na televisheni. Nilimtazama nikiwa nimesimama mlangoni kwa jirani, nyuma ya vichwa vya watoto na mama mmoja aliyebeba beseni la samaki wadogo wa sambaza ambaye alikataa kabisa kulitua. Niliporudi nyumbani niliandika: «Mtoto. Sauti ya juu, bado haijavunjika. Anacheza vizuri kuliko anavyoimba. 11.» Hoja yangu ilikuwa ya kitaalamu, kwani mwalimu yeyote wa kwaya anajua kwamba sauti ya mvulana wa umri huo ni ya kuazima, na kwamba miezi michache inatosha kuiondoa na kuacha mahali pake sauti ambayo hata mwenyewe haifahamu. Alishinda shindano. Sauti nayo ilivunjika kama nilivyotabiri, na jambo hilo halikumzuia lolote. Mwaka 2019 Afrika nzima ilimjua kwa jina la Innoss'B kwa wimbo wake Yope, ambao toleo alilolirudia na Diamond Platnumz mwaka huohuo limetazamwa YouTube zaidi ya mara milioni 100.

Leo ukiuliza hapa mjini, utaambiwa kwamba kila mtu alikuwa jirani yake na kila mtu aliliona jambo hilo mapema. Mimi ninao ushahidi wa maandishi kwamba sikuliona. Tena ninapousoma ukurasa ule sasa, naona kwamba nilikuwa na kila kitu mbele yangu: niliandika kwa mkono wangu kwamba kijana anacheza kuliko anavyoimba, kisha nikaliweka jambo hilo upande wa upungufu, kwa sababu katika kwaya yangu mtu anayecheza kuliko anavyoimba hupangwa safu ya nyuma.

Ukurasa wa mwaka 2013 una kosa la aina nyingine, ambalo kwa muda mrefu sikulijua kuwa kosa. Louane, msichana wa miaka 16 kutoka kaskazini mwa Ufaransa, alipanda jukwaani katika msimu wa pili wa The Voice. Niliandika: «Ana haya. Ameshika maikrofoni kama mtu aliyeachiwa ufunguo wa nyumba isiyo yake. Hatafika fainali. 12.» Kweli hakufika. Alitolewa nusu fainali, nami nikaweka alama ya vema pembeni mwa jina lake, alama ambayo niliwaonyesha wageni zaidi ya mmoja. Mwishoni mwa mwaka 2014 ikatoka filamu ambamo aliigiza msichana mwenye kipaji cha kuimba katika familia ya viziwi, na mwaka uliofuata akapewa César, tuzo ya filamu ya Ufaransa, ya mwigizaji wa kike chipukizi. Ile haya niliyoihesabu kuwa kasoro ndiyo iliyowafanya watu wamwamini. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba daftari langu linahitaji safu mbili za masahihisho: moja ya matokeo ya shindano, na nyingine ya maisha, kwa maana mtu anaweza kupata vema katika safu ya kwanza na kosa kubwa katika ya pili.

Safu hiyo ya pili ndiyo inayoyaumbua mashindano yenyewe. Katika msimu wa tatu wa American Idol, shindano la kuimba la Marekani, mwaka 2004, kura za simu zilimtoa Jennifer Hudson akiwa wa saba, katika msimu ambao Fantasia Barrino alishinda. Miaka mitatu baadaye, Februari 2007, Hudson alikuwa ameishika tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi. Video zake nilizitazama nikiwa tayari najua mwisho wake, na ndiyo sababu hana alama katika daftari langu. Si haki kuisifu mbegu ukiwa umeketi kivulini chini ya mti wake.

Mwanzoni mwa mwaka 2014 televisheni yetu ilipoteza picha ikabaki na sauti. Fundi wa mtaa wa Majengo aliifungua, akaipuliza vumbi, akasema kipuri kitatoka Kampala, na kwa wiki tano tukawa tunaisikiliza The Voice kama redio, mke wangu akichagua maharage, nami nikiwa na daftari juu ya goti. Bila kupanga, tulikuwa tumewekwa mahali pa makocha. Shindano hili, lililobuniwa Uholanzi na kuonyeshwa huko kwa mara ya kwanza mwaka 2010, limejengwa juu ya wazo moja zuri: makocha wanne wanampa mwimbaji mgongo, na hawaruhusiwi kumwona mpaka wabonyeze kitufe na kiti kigeuke. Hata hivyo mtazamaji wa nyumbani hafichwi kitu. Anaziona nguo, anauona urefu, anamwona mama wa mshiriki akilia nyuma ya pazia, kisha anaalikwa kuwacheka makocha ambao hawakugeuka. Sisi wa mtaa wa Katindo, kwa wiki zile tano, tulinyimwa upendeleo huo.

Ukurasa wa wiki hizo ndio bora katika daftari zima. Kuhusu Kendji Girac, kijana wa miaka 17 wa jamii ya Magitan, yaani Waroma wa huko, aliyechagua kuimba wimbo wa Maître Gims, mzaliwa wa Kinshasa, niliandika: «Gitaa, na koo la mtu aliyezoea kuimbia nje penye upepo. Kifaransa chake kina mchanga. Wimbo wa mtoto wa Kinshasa ameuvika nguo za kwao, na zimemkaa. 17.» Ndiye aliyeshinda msimu ule. Ninakiri kwamba kama ningemwona, huenda ningemkata alama mbili au tatu kwa wivu wa kizalendo tu, kwani siku hizo wimbo ule ulikuwa mali yetu, tukiupiga katika harusi na katika mabasi, na sikuwa tayari kuuazima kwa mtu mwenye gitaa.

Hata hivyo masikio peke yake hayakunitosha. Ukurasa uleule unamtaja Amir: «Safi mno. Kama shati lililopigwa pasi likakunjwa. 12.» Alimaliza wa tatu, na mwaka 2016 akaiwakilisha Ufaransa katika Eurovision, shindano la nyimbo la nchi za Ulaya, na kushika nafasi ya sita. Baadaye nilijifunza kwamba alikuwa amesomea udaktari wa meno, na kwamba mwaka 2006 alikwisha kushiriki shindano la namna hiyo nchini Israeli. Usafi nilioudharau ulikuwa kazi ya miaka mingi. Nimewahi kumwambia mwanakwaya kwamba anaimba kwa usafi mno, kana kwamba hilo ni kosa. Ninaposoma ukurasa huu natamani kumtafuta nimwombe radhi, ila amekwisha kuhamia Uvira.

Kwa upande wa picha, hukumu yangu ni kali. Dakika ya kwanza tunayouziwa si ya kwanza hata kidogo, maana mshiriki anayefika mbele ya majaji amekwisha kusikilizwa na watayarishaji, amehojiwa kuhusu maisha yake, na imekwisha kuamuliwa ni kisa gani kitatangulia wimbo wake. Mfano unaojulikana duniani kote ni wa Susan Boyle katika shindano la vipaji la Uingereza, Britain's Got Talent, Aprili 2009. Anatembea jukwaani, anasema ana miaka 47, na kamera inatuletea nyuso za wasikilizaji wanaokunja midomo na kuzungusha macho. Kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika tunafundishwa kumdharau, ili tutakaposikia sauti tupate raha ya kujitubia. Mimi nilikuwa katika duka la intaneti nilipoiona video ile, na nililia kama wengine. Nilipoirudia kwa ajili ya uhakiki huu nilifumba macho tangu mwanzo, na nikasikia mwimbaji mzuri wa kanisa, mwenye sauti thabiti ya juu na pumzi ndefu, wa aina ambayo mji huu unayo katika kila parokia. Hakuna muujiza uliotokea; aliimba vizuri mtu ambaye kamera ilikuwa imeshughulika kutushawishi kwamba hawezi. Kwa taarifa tu, hakushinda, alikuwa wa pili nyuma ya kundi la wachezaji la Diversity.

Kisa cha Gareth Gates kilielekea upande wa pili. Katika Pop Idol ya Uingereza kijana huyo alishindwa kulitamka jina lake kwa sababu ya kigugumizi, kisha akaimba bila kukwama, na kuanzia hapo wengi walimwona kuwa ndiye mshindi. Fainali ya Februari 2002 ilipata kura zaidi ya milioni 8, na aliyetangazwa alikuwa Will Young. Kisa kizuri kinaweza kumfikisha mtu mbali, lakini kina mahali kinapochoka.

Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba dawa ni kuzima picha na kusikiliza sauti, hadi nilipokumbuka yaliyotokea katika X Factor, shindano jingine la kuimba, mwaka 2010. Watazamaji wa Uingereza waligundua kwamba sauti ya Gamu Nhengu, msichana mwenye asili ya Zimbabwe, ilisikika kana kwamba imenyooshwa kwa mashine, na watayarishaji wakakiri kwamba sauti katika vipindi vya usaili zilikuwa zimepitishwa katika ufundi wa studio kabla ya kurushwa. Simon Cowell, mwasisi wa shindano hilo, aliamuru jambo hilo likomeshwe. Nhengu hakuwa na hatia yoyote, wala hakuihitaji pasi hiyo. Lakini mimi, mwalimu wa kwaya ninayejisifu kwa masikio yangu, sina tena uhakika ni kipi kati ya vyote nilivyovipa alama kilitoka kooni kwa mtu na kipi kilitoka kwa fundi. Tangu siku nilipoyasoma hayo nimekuwa nikipunguza alama moja kwa kila noti iliyonyooka kupita kiasi, na mpwa wangu anasema huo ni uchawi, si muziki.

Wapo niliowajua kinyumenyume. Jenifer nilimwona kwa mara ya kwanza mwaka 2012 akiwa kocha katika kiti chekundu, mcheshi, mwenye huruma ya haraka, na niliandika kwamba ni mtangazaji waliyemweka kupamba meza. Sikujua kwamba ndiye mshindi wa kwanza kabisa wa Star Academy, shindano jingine la kuimba la Ufaransa, katika fainali ya Januari 2002. Sina haja ya kujitetea sana: mwezi uleule volkano ya Nyiragongo ilimwaga lava hadi katikati ya mji wetu, na sisi tuliokuwa tumebeba magodoro kuelekea Gisenyi, upande wa Rwanda, hatukuwa na nafasi ya kuuliza nani ameimba vizuri Paris. Nilipoziona video zake za wakati ule, miaka kumi na zaidi baadaye, nilielewa kwa nini aligeuza kiti mapema kwa wasichana wenye sauti za kukwaruza.

Toleo la Afrika linastahili maneno zaidi kuliko nafasi niliyobakiza. Nililisubiri kwa hamu isiyofaa kwa mtu wa umri wangu, hasa niliposikia kwamba mwanamuziki Lokua Kanza ameketi katika kiti kimojawapo, kwa kuwa alizaliwa Bukavu mwaka 1958, nasi watu wa huku kaskazini mwa ziwa tunaye tunapotaka kujivuna na tunamwachia Bukavu tunapogombana. Hakuniangusha. Alikuwa kocha aliyenyamaza wakati wenzake walipopiga makelele, na alipozungumza alitaja kitu kinachoweza kufanyiwa kazi: pumzi iliyokatwa katikati ya neno, noti ya mwisho iliyoachwa ianguke. Wanakwaya wangu nimewarushia vipande vyake kwa simu, na hiyo ndiyo faida ya wazi kuliko zote niliyoipata kutokana na abonema yangu. Malalamiko yangu ni kwamba katika vipindi nilivyovitazama Kifaransa na Kiingereza vilitawala, na mtu alipoimba katika lugha ya kwao jambo hilo lilipokewa kama pambo la siku. Sikumsikia hata mmoja akiimba kwa Kiswahili. Nafahamu kwamba jina la shindano linataja Kifaransa, lakini mtu anayetoka Goma na kuimba kwa Kifaransa tu ameiacha nyumbani nusu ya sauti yake.

Wenzetu wa Tanzania hawana tatizo hilo. Bongo Star Search huendeshwa kwa Kiswahili tangu salamu hadi matusi ya majaji, na mshindi wake wa mwaka 2012, Walter Chilambo, sasa anasikika katika makanisa ya hapa kuliko waimbaji wengi wa Kinshasa, baada ya kuhamia katika nyimbo za Injili. Sikuwa nimemwandika popote. Katika Tusker Project Fame, shindano la kuimba la Afrika Mashariki, nilimpa Alpha Rwirangira wa Rwanda 15 mwaka 2009, lakini hiyo niliinakili kutoka kwenye karatasi ya zamani, kwa hiyo msomaji ana haki ya kuitilia shaka.

Kuhusu huduma yenyewe nitasema kwa ufupi. Vipindi vya Ufaransa nilivyovifuatilia vilionyeshwa Jumamosi usiku na kuvuka saa sita za usiku, jambo lililomwadhibu kila mtu mwenye kwaya Jumapili asubuhi. Katika toleo la Afrika, kura ya ujumbe mfupi ilikuwa gharama iliyoongezeka juu ya abonema. Nilipiga kura mara mbili, nikaacha. Aidha, katika duka moja la abonema la katikati ya mji, ambalo sitalitaja, nilikwisha kulipa siku tatu kabla ya nusu fainali, dekoda ikafungwa jioni yake, na niliporudi Jumatatu na risiti yangu nikaambiwa, «Papa, mtandao ndio uliokula pesa.» Hiyo nusu fainali sijaiona hadi leo, na ukurasa wake ni mweupe.

Kama ningetoa alama kwa bidhaa hii kama ninavyowapa wanafunzi, duru ya viti vilivyogeuzwa ningeipa 16, na ningemshauri yeyote ailipie miezi miwili ya mwanzo wa msimu. Duru ya mapambano, ambamo wawili wa kocha mmoja hugombania wimbo mmoja, naipa 12, kwa sababu mara nyingi inampa ushindi mwenye kelele. Matangazo ya moja kwa moja nayapa 7. Kufikia hapo watu wanapigia kura visa, mataa ni mengi, na bendi inawafunika waimbaji. Mtu asiye na fedha za miezi yote aiache sehemu hiyo ya mwisho, matokeo atayasikia tu.

Mpwa wangu, aliyekuja kuishi nasi kwa ajili ya masomo, ameanza kuandika katika daftari hili kwa kalamu nyekundu, chini ya alama zangu. Kwa mshiriki mmoja wa msimu uliopita niliyempa 9 ameandika 18, pamoja na maneno, «Mjomba, ulikuwa unasinzia.» Nimejaribu kuikumbuka sauti ya mshiriki huyo, na siikumbuki kabisa.